Janine na Jiwe la Warumi

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi, kabla sijamaliza kufungua makufuli, Janine Tyson alikuwa ameshafika mlangoni, pua nyekundu kwa baridi. Akiingia alivua koti, akachukua kitambaa na kuanza kufuta vioo vya makabati, nami nikaweka birika la chai. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka miwili katika makumbusho ya mji wetu wa Skelby. Ni chumba kimoja tu nyuma ya maktaba, na watu wengi huingia humo kujikinga na mvua. Kwa bahati nzuri, mvua ya pwani ya kaskazini mwa Uingereza haina likizo.

Fahari ya chumba chetu ni jiwe la kaburi la Warumi, lililochimbuliwa shambani zaidi ya miaka mia iliyopita. Kadi iliyokuwa chini yake niliipiga chapa mimi mwenyewe, Maureen Pattinson: "Hapa amelala Aurelia Vera, mtoto mpendwa, aliyeishi miaka kumi na miwili. Baba yake, askari, alimsimamishia jiwe hili." Mji mzima unampenda huyo askari. Watoto wa shule humchora, na baa iliyo bandarini inaitwa Binti wa Askari.

Mwaka ule wa 1996 Janine alikuwa na miaka kumi na saba. Baba yake, Keith, alikuwa fundi wa matairi. Shuleni Mwalimu Birkett alimfundisha Kilatini saa ya chakula cha mchana, yeye na mwenzake mmoja tu, wengine wakiwa uwanjani. Basi binti huyo akaomba nafasi ya kusoma Kilatini na Kigiriki cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. Hakuna mtoto wa Skelby aliyewahi kwenda huko. Mwezi wa Novemba ikaja barua: ameitwa kwenye usaili. Lo! Keith aliibandika barua ile ukutani gereji. Ukija na pancha, kwanza usome barua, ndipo tairi lako liguswe.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Birkett alikuja makumbusho kumpa Janine mazoezi ya usaili. Ni mtu mwembamba, mkali, asiyesifu ovyo. Alishika nakala ya fomu ambayo Janine alikuwa ameshaituma Oxford.

"Watakuuliza hasa ulichokiandika," alisema. "Hapa umeandika: 'Nimelisoma na kulitafsiri mwenyewe jiwe la kaburi la Warumi lililoko mjini kwetu.' Vizuri sana. Haya, mimi ni profesa. Nisomee."

Kisha akavua kofia yake na kuifunika kadi yangu.

Janine alianza mbio mbio, kama mtoto anayetoa shairi alilokariri. "Hapa amelala Aurelia Vera, mtoto mpendwa..."

"Simama. Neno 'mpendwa' liko wapi? Niwekee kidole."

Kidole cha Janine kilitembea juu ya jiwe, kikashuka, kikapanda, kikakwama. Nami pale kwenye birika nilihisi masikio yakiwaka moto. Neno "mpendwa" nililiongeza mimi. Niliona mtoto wa watu amekufa, kadi imekaa kavu kavu, nikaipamba kidogo.

"Sikulitafsiri, Mwalimu," Janine alisema. "Nilinakili kadi. Nilijiambia nitalisoma baadaye, halafu siku ya kutuma fomu ikafika."

"Na fomu haiwezi kurudi."

"Haiwezi. Wakiniuliza nimekwisha! Na Baba ameshamwambia kila mtu. Siendi, Mwalimu. Waandikie kwamba naumwa."

"Huumwi," alijibu Mwalimu. "Una siku kumi na sita. Kilatini cha kulisomea jiwe hili unacho, ulichokosa ni kukaa nalo. Kaa nalo. Lakini hata ukilisoma lote, bado uliwaandikia uongo. Wakikuuliza, utawaambia."

"Mbele ya maprofesa?"

"Ulimdanganya nani mwingine?"

Janine alilia kidogo, akapenga kamasi, kisha akaomba kalamu.

Kuanzia Jumatatu alikuja kila siku akitoka shule. Mwalimu alimfundisha kuzima taa na kushika tochi ubavuni mwa jiwe, mwanga uteleze juu ya jiwe, ili herufi zilizolika zionekane kwa vivuli vyake. Janine aliichora kila herufi daftarini, moja moja. Keith alikuja na ovaroli lake kumshikia tochi.

"Baba, unamulika viatu vyangu!"

"Samahani, profesa. Ningejua Kilatini kinauma shingo hivi, ningekushauri usomee upishi."

"Wewe umulike tu, maneno baadaye."

Siku ya kumi na mbili aliirudia kona ya chini mara tatu. Kisha akaniita.

"Bi Maureen, njoo uone. Jina lipo. Miaka kumi na miwili ipo. Neno la kusimamisha jiwe nalo lipo. Lakini hapa chini kona imevunjika, na jina la aliyelisimamisha limekwenda na kipande hicho. Baba hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Hajaandikwa. Pengine alikuwa baba, pengine mama, au kaka. Na askari pia hayupo."

"Ebo!" Nilipandwa na hasira, sifichi. "Mtoto wa juzi wewe! Miaka mia mji mzima unamjua askari wetu, leo uje na tochi yako utunyang'anye?"

Keith aliinama, akalitazama jiwe. Nadhani alitamani sana kumwona yule baba. "Hayupo kabisa?" aliuliza.

"Simwoni, Baba."

"Basi hayupo," Keith alisema, akazima tochi.

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikafungua sanduku la karatasi za zamani, ambalo kwa miaka kumi na tisa ya kazi yangu sikuwahi kulifungua. Humo nilikuta maandishi ya kasisi aliyekuwa wa kwanza kulisoma jiwe. Aliandika "baba yake, askari," na pembeni, kwa herufi ndogo, "nakisia tu." Waliokuja baada yake walinakili baba na askari, wakayaacha yale maneno madogo. Nami nikawanakili wao. Niliona haya hata mbele ya birika langu. Siku hiyo hiyo nikapiga chapa kadi mpya: aliyelisimamisha jiwe hili hajulikani. Wazee wa baa walinilalamikia wiki nzima, nikawaambia waje na tochi.

Janine akapanda treni kwenda Oxford. Aliporudi alitusimulia yote palepale gereji, sisi tumekaa juu ya matairi. Maprofesa walikuwa watatu. Mmoja, mama mzee mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, hakuzunguka.

"Unasema umelitafsiri jiwe la kaburi. Tueleze."

"Nami sikuzunguka," Janine alisema. "Nikawaambia: nilipoandika hivyo nilikuwa sijalitafsiri. Nilinakili kadi ya makumbusho. Niliwadanganya, naomba radhi. Baadaye nililisoma kweli, na nikaona kadi ilikosea."

"Mungu wangu!" Keith alisema. "Wakasemaje?"

"Yule mama akaweka kalamu chini, akasema, 'Tuonyeshe.' Nikafungua daftari langu. Baba, walinibana nusu saa! Kwa nini asiwe baba? Nina uhakika gani kona ilivunjika baada ya kuandikwa? Mengine nilijibu, mengine nikasema sijui, tukayatafuta pamoja. Mwishoni akaniuliza, 'Wewe ungependa awe nani?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ningependa awe baba, kwa sababu baba yangu mimi angenisimamishia jiwe. Lakini hili halisemi, nami sitalisemea."

Keith alijifuta mikono kwa tambara muda mrefu, na mikono yenyewe ilikuwa safi.

Siku mbili kabla ya Krismasi, Janine alikuja mbio hadi gereji, barua mkononi, nywele zimelowa. Mimi na Mwalimu Birkett tulikuwepo. Mimi nilikuwa na pancha kweli, Mwalimu alikuja kwa sababu hakuweza kukaa nyumbani. Keith aliisoma kwa sauti, akakwama, akaanza upya. Wamemkubali, mradi afaulu vizuri mitihani ya mwisho. Na huyo mtoto kufaulu nilijua atafaulu! Nilipiga kigelegele, mimi niliyenuna siku mbili. Mji wetu mdogo, chumba chetu kimoja, jiwe letu lililovunjika, na binti yetu anakwenda Oxford!

Mwalimu Birkett alimshika Janine bega.

"Sikiliza, binti," alisema. "Walioingia chumba kile wakijua Kilatini kuliko wewe ni wengi. Lakini ulianza kwa kusema kweli ya kukuumiza mwenyewe, na baada ya hapo wakaweza kukuamini kwa kila ulichosema. Ulijituma ukakaa na kazi yako, hukutafuta maneno ya kuwafurahisha wao wala ya kutufurahisha sisi. Fanya hivyo maisha yako yote, hata ukiwa profesa."

"Nitafanya, Mwalimu," Janine alijibu huku akilia.

"Mmesikia?" Keith alisema. "Kasema profesa!" Akatoka nje kwenye mvua, spana mkononi, kumtangazia kila aliyepita barabarani.