Niliitikia Nisichokielewa

Nina umri wa miaka thelathini na minne, mama wa mtoto mmoja, na ninaishi peke yangu katika chumba cha kupanga hapa Bilele, mjini Bukoba. Wasomaji wenzangu, jina langu silitaji, na mengine nimeyabadili. Si kwamba namwogopa mtu... ila mwanangu sasa anajua kusoma.

Nilizaliwa kwenye kisiwa kimoja cha Muleba. Wazazi wangu ni Wajita waliohamia huko kufuata dagaa na sangara. Kisiwani kila mtu ana kwao kwingine, kwa hiyo Kiswahili ndicho tulichokua nacho. Kihaya, lugha ya wenyeji wa Muleba na Bukoba, nilikijua cha salamu na cha kununulia ndizi tu.

Baba wa mwanangu alihamia kisiwa kingine akifuata samaki, akapata na mke hukohuko. Huyo sitampotezea wino.

Nilibaki na Nyangeta, binti yangu. Alipokaribia umri wa kuanza shule, niliapa kwamba hatakulia kwenye kambi ya wavuvi kama mimi, anaanika dagaa kwenye mchanga huku walevi wanampigia miluzi. Nilimwacha kwa mama yangu nikamwambia, "Natangulia Bukoba. Nikipata kazi ya kudumu nakuja kukuchukua, uanze darasa la kwanza mjini." Alinishika gauni mpaka mashua ilipowashwa mashine.

Nilipata kazi kwenye kiwanda kidogo cha kukausha vanila, kule kata ya Bakoba. Vanila ikitoka shambani ni maganda mabichi tu, hata hayanukii. Inachovywa kwenye maji ya moto, inaanikwa juani, halafu inafungwa ingali moto kwenye mablanketi na kulazwa ndani ya makasha ya mbao ili itoe jasho. Ukipatia, inakuwa nyeusi, laini, na harufu yake inakufuata mpaka nyumbani. Ukikosea, inaota ukungu, na ukungu wa vanila hauna dawa.

Siku ya usaili niliulizwa swali moja tu lililonitoa jasho. Unajua Kihaya? Wakulima wengi wanaoleta vanila ni wazee wa vijijini, walitaka mtu wa kuongea nao. Nikamwona Nyangeta akilini... Nikajibu, "Najua. Mimi ni mzaliwa wa Muleba."

Uongo mdogo, eti! Nilijiambia nitajifunza polepole, nani atagundua? Nilipewa mkataba wa majaribio, na nikifanya vizuri ningethibitishwa kabla ya shule kufunguliwa Januari.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Wazee wakileta vanila niliwasalimia, mizani ikamaliza mengine. Kila mtu alikuwa na kona yake na ujuzi wake ameukumbatia. Aliyejua kupima joto la maji hakumwambia mwenzake. Watu walikuja wamechelewa, wakanuna mpaka jioni, wakaondoka. Hapo ningeweza kujificha hata miaka kumi.

Halafu akaja meneja mpya kutoka Arusha. Huyo baba alikuwa na moyo. Alisema kiwanda ambacho watu hawafundishani hakiwezi kupendwa na watu wake. Akaanzisha saa ya kufundishana, kila Ijumaa mchana. Tunakaa chini kwenye mikeka, kikapu kidogo cha akamwani kinapita, kila mmoja anachukua punje zake za kahawa anatafuna kama ilivyo desturi ya Wahaya kwa mgeni, kisha mmoja wetu anafundisha kile anachokijua.

Ndugu wasomaji, kile kitu kilifanya kazi! Ndani ya muda mfupi kiwanda kilibadilika. Watu waliwahi. Walioitwa wavivu wakawa wanabishana kuhusu unyevu wa maganda kama madaktari. Mtu akifundisha Ijumaa, Jumatatu anatembea kifua mbele. "Nshomile!" walitaniana, msomi amepita!

Mimi je? Hapo ndipo upweke wangu ulipoanzia...

Kwa sababu kikao kilianza kwa Kiswahili, lakini utamu ukikolea wote waliteleza kwenda Kihaya. Ni lugha yao, nani atawalaumu? Meneja alikuwa anainua mkono anasema, "Jamani, mimi nimepotea, nitafsirieni." Wote wanacheka, wanamtafsiria kwa furaha. Alikuwa mgeni, na alikubali kuwa mgeni. Lakini ndio hivyo, meneja ana simu nyingi. Mara nyingi aliitwa ofisini katikati ya somo.

Mimi nilikaa palepale. Wakicheka, nacheka. Wakiguna, naguna. Wakiniangalia, naitikia, "Ego, waitu." Ndiyo, jamani. Mmewahi kukaa katikati ya watu wanaocheka, bega kwa bega, na mkajiona mko peke yenu kuliko mtu aliyefungiwa chumbani? Nilikuwa natafuna ile kahawa ili mdomo uwe na kazi.

Mtu mmoja tu aligundua. Advera. Alikuwa rika langu, mwenyeji wa Izigo, na ndiye aliyepewa jukumu la kusimamia vikao vya Ijumaa. Siku moja tukirudi Bilele pamoja aliniuliza taratibu, "Dada, wewe Kihaya hujui, eeh?" Nilijaribu kukana, nikashindwa. Nikamweleza yote. Usaili, Nyangeta, Januari.

Alinishika mkono akasema, "Nyamaza. Hiyo siri yetu. Mimi nitakutafsiria."

Na kweli alinitafsiria! Kila Ijumaa jioni tulikuwa tunatembea naye ananieleza somo lote. Jumapili alinialika kwake kula ndizi. Nikamwonyesha picha ya mwanangu. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Bukoba nilikuwa na mtu. Nilimpenda Advera kama tumbo moja, na sioni aibu kulisema.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kulikuwa na nafasi ya usimamizi imetangazwa, na sifa za vile vikao zilikuwa ndizo ngazi ya Advera kuipata. Alikuwa anampelekea meneja taarifa kwamba wafanyakazi wote wanaelewa masomo yote. Wote! Mimi nikiwemo.

Polepole alianza kuchoka. Nikimuuliza, anajibu nusunusu. Ijumaa moja alifundisha Ma Leokadia, mama mtu mzima aliyekuwa kiwandani tangu kinaanza. Alisimama na blanketi mkononi, akaligusisha shavuni, akanyoosha kidole kuelekea ziwani, akaongea kwa hisia. Meneja alikuwa ametoka. Nilidaka maneno mawili tu, blanketi na mvua. Wote waliitikia, nami nikaitikia.

Jioni nikamuuliza Advera, "Ma Leokadia alisema nini leo?"

"Mambo ya mablanketi tu," alijibu akiwa anaangalia simu yake. "Ya kawaida."

Ya kawaida... Nikalala.

Wiki iliyofuata Ma Leokadia alifiwa na kaka yake, kule Izigo. Ukiwa Buhaya utajua kwamba msiba hauna udhuru. Kiwanda kizima, meneja pia, walijaa kwenye gari kwenda kuzika. Lakini vanila ilikuwa juani, lazima mtu abaki. Advera ndiye aliyenitaja. "Huyu abaki, kila kitu anakijua."

Nilibaki. Mchana wingu likatoka ziwani ghafla, ngurumo zikaanza kabla sijamaliza kukusanya. Nilikimbia kama mwendawazimu! Niliokoa maganda yote, mvua ikashuka bila hata moja kuloa. Nikachukua mablanketi yaliyokuwa yananing'inia barazani upande wa ziwa, nikayapapasa kwa kiganja, nikaona makavu. Nikafunga vanila, nikaijaza kwenye makasha, nikafunika. Nilijisifu moyoni. Nilitaka kumpigia Advera simu kumuuliza kama niko sawa, nikaona aibu, watu wako mazikoni. Nikajiambia Advera atarudi aone kwamba naweza.

Makasha yalipofunguliwa siku chache baadaye, nilisikia harufu kabla sijaona. Harufu ya gunia lililosahauliwa mvuani. Maganda yalikuwa na manyoya meupe, kasha hadi kasha. Jasho la wakulima wa vijiji kadhaa, wazee waliochavusha ua moja moja kwa mkono, limekuwa takataka.

Kumbe somo la Ma Leokadia lilikuwa hilohilo! Mablanketi ya upande wa ziwa yanavuta unyevu wakati wa mvua. Kiganja hakiwezi kujua, shavu ndilo linalojua. Siku ya namna hiyo usifunge kabisa, tandaza vanila ndani kwenye chanja usubiri jua.

Tukaitwa wote. Meneja hakufoka, na heri angefoka. Aliniuliza kama nilikuwepo siku ya somo. Nilikuwepo. Akawauliza wenzangu kama nilielewa. Wakasema niliitikia, tena nilisema "ego". Hawakusema uongo, walisema walichokiona.

Kisha akamgeukia Advera.

Nilimtazama, wasomaji wangu. Nilimtazama kama mtu anayezama anavyotazama mtumbwi. Angesema tu, "Hakuelewa, na nilijua." Maneno matatu!

Advera akasema, "Mimi mwenyewe nilimweleza. Kwa Kiswahili."

Hakunitazama. Alikuwa anakunjakunja ncha ya kitenge chake.

Nilifungua mdomo. Lakini ningesema nini? Niseme sijui Kihaya, wakati kwenye usaili nilisema najua? Uongo wangu ulikuwa umenifunga mikono kabla uongo wake haujanipiga. Nikafunga mdomo. Ma Leokadia, na msiba wake mbichi, alinisogelea akaniambia kitu kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, huku amenishika bega. Nikaitikia kwa kichwa. Hata hapo, jamani... hata hapo nikaitikia! Leo Kihaya nakijua, lakini maneno yale siyakumbuki tena, na ningetoa chochote nijue mama yule aliniambia nini.

Sikuthibitishwa kazini. Advera akapata usimamizi. Saa ya kufundishana iliendelea, na nasikia mpaka leo watu wanaipenda.

Mama yangu alikuwa ameshashona sare ya Nyangeta. Nilipopiga simu, mtoto alinipokonya salamu mdomoni, "Mama, unakuja lini? Nimeshawaaga wenzangu!" Nikamwambia bado kidogo. Mwezi uliofuata, bado kidogo. Sikuwa na ujasiri wa kurudi kisiwani mikono mitupu, na sikuwa na pa kumweka hapa. Nilikuwa nashinda chumbani nasikiliza majirani wakipika na kuitana, hakuna aliyejua kama nipo. Nyangeta akaanza shule kulekule kambini.

Nilipoona njaa haina aibu, nilikwenda sokoni kuuza ndizi. Siku ya kwanza nilikaa mbele ya wale akina mama nikasema, "Mimi Kihaya sijui. Nifundisheni." "Mawe!" Yaani, mama yangu! Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha wakanisogezea kigoda. Mmoja akainua ndizi akasema, "Nyegera, karibu, mwana wangu. Anza na hii, inaitwaje?" Kabla mwaka haujapita nilikuwa nabishana bei kwa Kihaya. Yaani ilikuwa rahisi hivyo! Sentensi moja tu niliyoiogopa kuliko njaa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ninawasihi, ninyi mnaoanza kazi ugenini, msiitikie msichokielewa. Aibu ya kuuliza ni ya siku moja. Na ninyi wenyeji wa kazi, mnapofundishana, mtazameni yule anayecheka nyuma ya wengine kidogo. Mwambieni arudie somo kwa maneno yake mwenyewe. Si kumtega, ni kumpenda. Kitu kilichowapa wenzangu furaha kazini kilikuwa mbele yangu kila Ijumaa, na mimi nilikaa nje yake nikiwa ndani. Advera nimemsamehe siku nyingine, siku nyingine sijamsamehe.

Mwaka huu biashara imetengemaa. Nimenunua kitanda cha pili, kidogo, nimekisogeza ukutani karibu na changu. Nikapiga simu kisiwani kwa furaha, nikamwambia mwanangu safari hii ni kweli, shule zikifungwa nakuja kukuchukua.

Nilisikia akitoka nje na simu. Kisha akaniambia, kwa sauti ya upole kabisa, ya mtu mzima, "Sawa, mama. Lakini usimwambie bibi kwanza. Nilishamwambia huji... na yeye ndiye alinibembeleza nilivyolia. Sasa nikiondoka, yeye atabembelezwa na nani?"

Safari hii sikuitikia tu, nilimwambia kweli, "Mwanangu, sijui."