Breki ya Kifaranga

Kila asubuhi ya safari, kabla jua halijapanda juu ya milima ya Mbeya, Juliana alikuwa na kazi moja aliyoipenda kuliko zote za likizo. Baba yake, Mzee Obeid, alikuwa dereva wa gari refu lililogeuzwa kuwa nyumba. Ndani yake mlikuwa na vitanda, jiko la gesi, sinki la kuoshea vyombo, na chumba kidogo ambamo mama yake, Bi Faustina, muuguzi wa macho, aliwapima wagonjwa wa vijijini. Nyuma ya gari hilo kilivutwa kigari chekundu cha milango miwili. Hicho ndicho kilichoingia katika vijia vya mashamba ya chai na mabonde ya matope, mahali ambapo gari kubwa lisingethubutu kutia tairi, kikawaleta wazee wasioweza kutembea. Kwa vile kilimfuata mkubwa wake popote alipokwenda, Juliana alikiita Kifaranga.

Kukifunga Kifaranga nyuma ya gari kubwa kulikuwa na utaratibu wake. Baba aliketi kwenye usukani wa gari kubwa, akataja kifaa kimoja baada ya kingine kwa sauti. Juliana alikiendea, akakigusa, ndipo akajibu.

"Mkono kwanza, mdomo baadaye," Baba alimfundisha. "Mimi nikikaa huku mbele sioni lolote la huko nyuma. Nikisikia jibu lako, ninaondoka."

Kwa kurudiwa mara nyingi, maswali na majibu yale yalipata mahadhi kama ya utenzi. Hata Mama alipoosha vyombo aliyaghani.

Jioni moja walilala Uyole, katika ua wa fundi Jailos, ambaye siku hiyo alikuwa ameshinda akitengeneza injini ya gari kubwa. Ua ule uliinama kidogo. Baada ya chakula Juliana alikaa ndani ya Kifaranga kusikiliza redio. Na kwa kuhofia kisije kikateleza, akaivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, ambazo hazikuwa nyingi. Kisha usingizi ukamwita, akaenda kulala.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu na baridi ya kuuma masikio. Walitakiwa kufika Igowole siku hiyohiyo, maana huko Bibi Damari, mzee aliyefunikwa macho na mtoto wa jicho, alikuwa amekwisha kuambiwa ajiandae kuchukuliwa kwa matibabu. Juliana alijifunga kitenge, akakifunga Kifaranga haraka, kisha akarudi chini ya upenu na kikombe chake cha chai.

"Pini?" Baba aliuliza.

"Ipo."

"Mnyororo?"

"Upo."

"Waya wa taa?"

"Upo."

"Gia?"

"Huru."

"Breki ya mkono?"

"Chini," akajibu Juliana, naye bado amekishika kikombe. Mdomo ulikuwa umezoea mahadhi, mkono haukuulizwa.

Hawakuwa wamefika Inyala Baba alipoanza kunung'unika. "Gari hili zito. Linapanda kama limebeba mlima mgongoni."

"Labda ni hii mvua," Mama alisema.

"Mvua haivuti gari, Mama Juli. Ni Jailos. Nilimwambia aiangalie pampu, akaniambia iko salama. Kumbe ameniachia ubovu uleule. Na mimi ndiye niliyempeleka kwa dereva wa kanisa, nikamsifu mbele za watu. Nikifika Makambako ninampigia dereva yule simu, nimwambie asimpe gari lake."

Hapo harufu ya kitu kinachoungua ikapenya ndani. Juliana alikumbuka redio, akakumbuka mteremko wa ua, akakumbuka mkono wake ukivuta. Akijua hayo, alijua pia kwamba akisema, huenda asiitwe tena kukifunga Kifaranga maisha yake yote. Na asiposema, Baba angeona moshi, angelaani injini, na jina la fundi Jailos lingeungua pamoja na gurudumu. Fundi huyo jana yake alimpa hindi la kuchoma, akamwita mwanangu.

"Baba, simamisha gari."

"Unataka kutapika?"

"Hapana. Fundi Jailos hana kosa. Breki ya Kifaranga iko juu. Niliivuta jana, na leo sikuigusa. Nilikujibu nikiwa chini ya upenu."

Baba alilisogeza gari pembeni mwa barabara, akalizima, akashuka. Magurudumu ya nyuma ya Kifaranga yalikuwa yakifuka moshi mwembamba. Juliana alikimbilia ndoo ya maji.

"Usimwage," Baba alimzuia. "Chuma cha moto kikipigwa na maji ya ghafla hupasuka. Kiache kipoe chenyewe." Akaishusha ile breki, akasimama akitazama. Hatimaye akamkabidhi Juliana simu. "Mpigie fundi. Umweleze wewe."

Juliana alipiga. "Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Mmekwisha kuvuka Igurusi?"

"Bado, tuko karibu na Inyala. Nimeunguza breki za Kifaranga kwa uzembe wangu. Na Baba alidhani ni injini uliyoitengeneza."

Fundi Jailos aliuliza, "Amenisema sana?"

Juliana alimtazama baba yake. "Kidogo."

Baba akaichukua simu. "Si kidogo, Jailos. Nimekusema ukiwa hupo, wala sikukuuliza. Nisamehe, ndugu yangu."

Upande wa pili kilisikika kicheko kirefu. "Nimekusamehe, ila chai mtanipikia. Nakuja."

Akaja kwa bodaboda, amelowa hadi kofia, na viatu vipya vya breki, vile vyuma vinavyobana gurudumu, vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Vile vya zamani vilikuwa vimekwisha, vyeusi kama mkaa. Alimpa Juliana kimoja akishike baada ya kupoa, amwonyeshe jinsi kinavyolikamata gurudumu kwa ndani. Mama alipika chai. Kazi ilichukua muda mrefu, na mvua haikuwahurumia. Usiku ukawakuta Makambako, nao wakalala hapo.

Kesho yake walifika Igowole, Mama akabaki kwenye gari kubwa, nao Baba na Juliana wakaenda na Kifaranga hadi mwisho wa kijia, wakamalizia kwa miguu hadi nyumbani kwa Bibi Damari. Walimkuta barazani, amevaa gauni lake la ibada, kilemba kimefungwa vizuri.

"Kamwene, bibi," Juliana alimsalimu kwa salamu ya pale.

"Kamwene, mjukuu wangu. Jana nilikaa hapahapa tangu asubuhi. Nikasema labda wamemsahau kikongwe."

Baba alifungua kinywa, lakini Juliana akamtangulia. "Nisamehe, bibi. Mimi ndiye niliyewachelewesha. Kazi yangu ni kukagua kigari kabla ya safari, nikamwambia Baba kwamba nimegusa breki, nami sikuigusa."

Bibi Damari aligeuza uso wake kuelekea sauti ilikotokea. "Baba yako hakuwa akiiona?"

"Hakuwa akiiona."

"Basi mimi naijua hali yake," alisema bibi, akacheka polepole. "Wajukuu huniambia, bibi, hapa hapana shimo, nami ninaweka mguu. Sina kingine cha kukanyagia ila neno lao. Neno unalompa mtu asiyeona ni amana, mwanangu, na Mungu ndiye shahidi wake. Ukilitoa bila kuhakiki, mwenzako ndiye anayeanguka. Ukiliharibu, wahi kulitengeneza, kama ulivyofanya, kabla hajafika shimoni. Je, kazi yako wamekunyang'anya?"

Juliana alimtazama baba yake.

"Hapana," Baba alijibu. "Aliyesema kweli wakati uwongo ungemfaa, huyo ndiye ninayemtaka nyuma yangu."

"Vizuri. Basi anishike mkono yeye."

Juliana alimshika bibi, wakaanza kuteremka kuelekea kilipo Kifaranga, Baba akifuata na mfuko wa nguo. Njia ilikuwa imelowa. Penye jiwe Juliana alisimama, akalikanyaga kwanza, akausikia mguu ukiteleza.

"Hapa panateleza, bibi. Pita kulia."

Na Bibi Damari akaupeleka mguu kulia, pasipo kusita.