Yunifomu za Obaid

— Hili gauni la nani, Obaid?

Jokha alilinyanyua kwa vidole viwili. Gauni fupi, rangi imechujuka, mkanda kiunoni, sketi haifiki magotini. Alilikuta kwenye kabati la majlis, chumba cha wageni, nyumbani kwao Nizwa, kabati ambalo mumewe hulitia kufuli siku zote, ila siku hiyo kalisahau wazi.

— Si gauni hilo, habibti. Yunifomu ya besiboli.

— Wanaume wa Kimarekani hucheza na sketi?

— Hiyo ya wanawake. Wakati wa vita vya dunia walikuwa na timu zao. Adimu sana, nimeitafuta miaka.

Ni kweli, tangu arudi masomoni Marekani, Obaid alikuwa akikusanya mashati ya zamani ya besiboli. Lakini sketi?

Obaid alipokwenda kutawadha, simu yake ikalia pale mkekani. Jokha akasoma ujumbe:

"Ile nyengine tayari. Njoo Alhamisi. Fakhriya, Sur."

— Fakhriya nani? akamuuliza aliporudi.

— Fundi wa cherehani. Ananitengenezea zilizochanika.

— Nizwa nzima hakuna fundi?

Obaid akacheka. Kicheko chenyewe kikamzidishia Jokha wasiwasi.

Alhamisi asubuhi Obaid akaaga kuwa mchana atakwenda Ibra kumwamkia ami yake. Jokha akampigia simu Khalaf, kaka yake.

— Nipeleke Sur, kaka. Usiniulize kitu.

Mjini Sur wakaulizia nyumba ya Fakhriya fundi, wakaonyeshwa. Mlango ulifunguliwa na mwanamke kijana, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Nyuma yake, ukutani, imetundikwa yunifomu kuukuu ya mistari, bega moja limeshonwa upya. Jokha akaona haya. Kumbe mume alisema kweli!

— Nisamehe, dada. Mimi mke wa Obaid. Nilikudhania mabaya.

Fakhriya akashika mwimo wa mlango.

— Mke? Mbona Obaid kanambia kakuacha tangu mwaka jana? Kaniposa kwa baba. Harusi yetu baada ya Idi.

Nje gari ikasimama, Obaid akashuka na kifurushi kwapani. Alipowaona wote wawili mlangoni, akawakimbilia.

— Jokha! Sikiliza, nguo hizi, wallahi...

— Za nguo nimeamini, Obaid. Huyu je?

Fakhriya akaitungua ile yunifomu, akamtupia mikononi.

— Chukua na uondoke. Baba nitamwambia mwenyewe.

Jokha akapanda gari ya kaka yake.

— Nizwa? Khalaf akauliza.

— Ibra. Kwa mama.

Obaid alimfuata huko na wazee wake, akaomba, akalia mbele ya watu. Jokha akataka talaka, akapewa.

Siku chache kabla ya Idi simu ikalia.

— Jokha? Fakhriya hapa. Umeshashonesha nguo ya sikukuu?

— Bado.

— Basi njoo Sur nikupime. Kitambaa nshakuchagulia.