Namba za Ijumaa

Likizo ile, kila siku Anfal alishinda kwenye benchi la zahanati ya mtaa wao, Kariakoo, akitazama madirisha matatu ya dawa. Kila baada ya dakika kumi aliandika daftarini idadi ya wagonjwa waliofika. Kazi hiyo alipewa na shangazi yake, Mauza, mtafiti wa hisabati. Zahanati ilikuwa imemwomba ushauri: madirisha mangapi yafunguliwe?

"Kesho watakuja wangapi, hakuna ajuaye," Shangazi alimweleza. "Ila tukijua wanavyokuja, kompyuta itaigiza siku elfu moja, tuone foleni itafika wapi."

Ijumaa mchana, rafiki yake Brightness alichungulia mlangoni. "We konda, abiria hawajatimia tu? Njoo tucheze rede!"

Anfal alicheka, akatoka. Aliporudi alasiri, alijaza nafasi zilizobaki kwa kubuni: nne, tano, tatu, nne. Ijumaa iliyofuata alifanya vivyo hivyo.

Kompyuta ilijibu kwamba madirisha mawili yanatosha. La tatu likafungwa, na mhudumu wake akahamishwa.

Ijumaa ya kwanza tu baada ya hapo, watu walipotoka msikitini waliingia zahanati kwa mkupuo. Foleni ikatoka nje mpaka juani. Bibi Clotilda, bibi yake Brightness, aliyefuata dawa za presha, alisimama hadi akaishiwa nguvu. Alianguka, akavunjika mkono.

Jioni Shangazi Mauza alifungua daftari.

"Hebu tazama. Ijumaa baada ya swala: nne, tano, tatu, nne. Hakuna sifuri, hakuna ishirini. Watu hawaji kwa adabu hivi, mwanangu. Ulikuwepo?"

Machozi yalimtoka Anfal. "Sikuwepo, Shangazi. Nilibuni."

Shangazi alifunga daftari. "Kosa ni langu pia. Sikukagua."

Walihesabu upya wiki tatu, wamekaa pamoja. Dirisha la tatu likafunguliwa. Lakini mkono wa Bibi Clotilda ulipona ukiwa umepinda. Hakuweza tena kumsuka mjukuu wake.

Anfal alikwenda na shangazi yake kuomba radhi. Bibi aliitikia "Marahaba" kwa upole. Brightness alibaki mlangoni.

"Kumbe kwenye zile nne na tano zako alikuwemo bibi yangu," alisema, akaingia ndani. Hakumwita tena kucheza rede.

Njiani Shangazi alimshika mkono. "Kompyuta haijui nani mkweli. Ukiipa uongo mmoja, itaurudia mara elfu moja, kisha sisi tutauita ushauri. Siku ukishindwa kuhesabu, acha nafasi wazi. Nafasi wazi ningeiona, Anfal. Ningekuja kuijaza mwenyewe."