Mdila wa Tatu

"Utaugua figo wewe."

Mwanamume aliyekaa juu ya jiwe tupu aligeuka. Watu walijaa pale Ngome ya Njano, kama ilivyo kila jioni ya Ramadhani. Walikuwa wametandika mablanketi kwenye majani, mikate ya somun imefungwa kwenye karatasi, na harufu ya habasoda ikiwatesa wote waliofunga. Bondeni chini yao, Sarajevo ilianza kuingia kivuli.

"Unasema na mimi?"

"Nasema na figo zako. Mwezi wa tatu huu, jiwe ni barafu. Mama yako hakukufundisha?"

"Mama yangu yuko Maribor, Slovenia. Hanioni."

"Mimi nakuona," alisema Vildana, akamsogezea pembe ya blanketi lake.

Alikuwa amevaa koti la sufu la kijani na skafu ndefu iliyokuwa ya marehemu baba yake. Mgeni alivaa jaketi la kodrai lililochakaa viwikoni, na vidole vyake vilikuwa na makovu madogo madogo ya fundi. Mapajani alikuwa na mkate mzima, haujaguswa.

"Mbona huli? Wewe si mtu wa kufunga."

"Nile mbele ya watu wote hawa wenye njaa? Si watanisukuma bondeni!"

Vildana alicheka. Mzinga wa futari ukalia wakati huohuo, mgeni akaruka kama paka aliyekanyagwa, na Vildana akazidi kucheka. Taa za minara ya misikiti zikawaka kilima baada ya kilima. Wakaumega ule mkate pamoja.

Aliitwa Tilen. Alikuwa fundi wa ngazi za mbao, na alikuwa amekuja peke yake kwa siku chache tu, bila sababu kubwa zaidi ya kuuona mji wa milima ambao wazee wawili wa karakana yao, Wabosnia waliohamia Slovenia zamani sana, hawakuacha kuusimulia. Kibosnia alifundishwa na wazee hao.

"Ndiyo maana unaongea kama marehemu babu yangu," Vildana alimwambia. "Nani siku hizi anasema 'nakuomba radhi, binti mwema'?"

"Niseme nini basi?"

"Sema 'samahani' kama watu."

"Samahani, binti mwema."

Kesho yake, Vildana alipofunga duka la miwani alikokuwa akifanya kazi, alimkuta anamsubiri mlangoni. Walitembea vichochoro vya mawe vinavyopanda hadi pumzi inakatika. Kila penye ngazi Tilen alisimama, akapapasa mkono wa ngazi, akatikisa kichwa.

"Mji wote huu unanihitaji," alisema.

"Mji wote?"

"Tuanze na mtu mmoja."

Usiku ule simu yao ilikuwa ndefu, na mwisho wake Vildana alisikia mdomo wake mwenyewe ukimwalika nyumbani, mtaa wa Vratnik, kwa futari.

Halikuwa jambo dogo. Hakuwahi kumleta mwanamume kwenye meza ya mama yake. Mtaani kwao, mwanamume akifuturu nyumbani kwa binti, majirani wanaanza kuuliza tarehe. Na huyu alikuwa Mkatoliki, tena wa kuondoka kesho yake jioni. Mama akimkataa, hapatakuwa na safari ya pili.

Mambo yalianza vizuri. Tilen alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akasifu supu ya bamia, akachovya mkate kwenye jibini iliyoyeyushwa kwa siagi mpaka Mama Rabija akatabasamu. Kahawa ya kwanza ilinywewa kwa vicheko, ya pili kwa hadithi za karakana. Vildana, akikusanya sahani, alianza kuamini.

Kisha shangazi Zumra, dada wa marehemu baba, akaweka finjani chini.

"Mwanangu, kwenu mnasali wapi?"

"Kanisani, shangazi. Krismasi na Pasaka. Sitaki kukudanganya."

"Na watoto wakizaliwa, utawaita nani?"

"Zumra!" alisema Mama Rabija.

"Nimeuliza tu. Kwani kuuliza ni tusi?"

Jikoni, Vildana alisikia ukimya ukitua sebuleni. Akafanya lile analofanya kila mara mambo yakiharibika: akachota kahawa, akateleka mdila mwingine. Tilen akipata finjani mkononi atatulia, aliwaza. Atakaa. Akachagua kipande kizuri zaidi cha haluwa, akaingia na sinia.

Tilen aliitazama ile finjani iliyojaa. Akamtazama Vildana aliyeileta. Rangi ilimtoka usoni. Akasimama.

"Mama, asante sana. Chakula kilikuwa kitamu. Shangazi, usiku mwema."

Vildana alimkuta ukumbini, anafunga kamba za viatu.

"Mbona hivi? Unakwenda wapi?"

"Nimeelewa, Vildana. Hakuna haja ya kuniambia mara mbili."

"Umeelewa nini?"

Lakini alishatoka, na viatu vyake vilisikika vikishuka kwenye mawe.

"Umeona?" shangazi alisema kutoka sebuleni. "Swali moja tu, kwisha!"

Simu iliita kabla ya kulala.

"Ungeniambia kwa mdomo wako," Tilen alisema. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Ningeumia, lakini ningekuheshimu."

"Nikuambie nini? Wewe ndiye uliyekimbia!"

"Nimekimbia? Mmenionyesha mlango."

"Mlango umeufungua mwenyewe, Tilen. Nenda kwenye ngazi zako!"

Akakata. Alilia akiwa ameuma skafu ya baba yake, mama asimsikie. Asubuhi alimpigia Tilen; hakupokea. Alipiga tena akiwa dukani, simu imezimwa. Mteja mmoja alipewa miwani ya mwenzake.

Alasiri alirudi nyumbani amenuna. Mama Rabija alikuwa jikoni, na mbele yake ile finjani ya jana, bado imejaa, ngozi nyembamba imeshika juu.

"Sijaimwaga," mama alisema. "Nimekuwa nikiitazama. Hakuigusa hata kidogo."

"Aliogopa swali la shangazi."

"Hapana. Mimi nilikaa naye uso kwa uso. Alikuwa anafungua mdomo amjibu. Ndipo ukaingia wewe na sinia."

"Kwa hiyo?"

"Bibi yako, mgeni akimchosha, alikuwa anafanya nini?"

Vildana alianza kucheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Sikteruša! Kahawa ya tatu na ya mwisho, ile inayoletwa mazungumzo yakikauka, ya kumwambia mgeni kwa adabu kwamba achukue viatu vyake. Bibi aliipika huku akikonyeza. Wao waliobaki waliifanya mzaha tu.

"Lakini mama, hayo ni ya zamani! Nani bado anahesabu finjani?"

"Nani alimfundisha kuongea?"

Wazee wawili wa karakana. Vildana alikaa chini taratibu.

"Nilitaka akae," alisema. "Niliipika ili akae."

Mama alimwaga ile kahawa iliyopoa, akateleka maji.

"Sikiliza. Alilouliza Zumra si la kijinga. Ni zito, na mimi mwenyewe sijui nitasema nini. Lakini mambo mazito yanazungumzwa watu wameketi. Mgeni hatoki nyumbani kwangu na finjani imejaa, halafu akaondoka mjini akidhani mimi ndiye niliyemfukuza." Akajaza chupa ya kioo kwa kahawa moto, akaifunga pamoja na vitu vingine kwenye kitambaa cha maua. "Basi lake saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Sasa umekaa unafanya nini?"

Vildana alishuka Vratnik mbio, mawe yakiteleza, kitambaa kimekumbatiwa kifuani. Tramu aliyopanda ilikwenda kituo kimoja ikasimama. Gari la mikate lilikuwa limeziba njia, na dereva wake alikuwa akigombana na dunia nzima. Vildana alishuka, akakimbia kando ya mto, tumbo tupu, koo kavu.

Basi la Ljubljana lilikuwa limewasha injini. Tilen alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya mlango.

"Mimi ndiye niliyeipika!" Vildana alipiga kelele. Abiria wote waligeuka. "Shangazi hakuniambia, mama hakuniambia. Niliipika ili usiondoke, mjinga wewe!"

Tilen aliushusha ule mguu polepole.

"Mdila wa tatu," alisema. "Wazee waliniambia..."

"Wazee wako waliondoka hapa kabla sijazaliwa!"

Tilen alitazama chini kidogo. "Usiku kucha nimejiuliza nilikosea wapi."

"Shangazi alipouliza, ulitaka kusema nini?"

"Kwamba sijui. Na kwamba ningependa aniulize tena, siku nyingine, mkinikaribisha."

Vildana alikaa kwenye benchi la kituo, akafungua kitambaa, akammiminia kahawa ambayo bado ilitoa mvuke.

"Hii ni ya kwanza," alisema. "Ile ya kumkaribisha mgeni. Tunaanza upya. Kunywa, basi lisikuache."

Tilen aliketi kando yake, akaipokea kwa mikono miwili. Ndipo wote wawili wakaona: ndani ya kitambaa, karibu na tende tatu, mama alikuwa ameweka finjani ya pili.

"Hiyo ya nani? Wewe umefunga."

Vildana aliitazama bila kupepesa. Mama yake hakuwa mtu wa kusahau saa ya futari.

"Ni yangu," alisema. "Baada ya mzinga."

Dereva alipiga honi. "Bwana, unapanda au hupandi?"

Tilen aliweka finjani yake kwenye benchi, bila kuonja.

"Nenda tu, ndugu," alijibu. "Nina kahawa hapa, na hainyweki bado."

Basi liliondoka. Vildana alivua skafu, akaitandika kwenye benchi.

"Inuka kwanza. Hiki chuma ni baridi."

"Figo zangu?"

"Zako, ndiyo. Nani mwingine?"

Walikaa mpaka kituo kikaanza kuwa tupu na mvuke wa kahawa ukaisha. Hatimaye, kwa mbali, juu ya kelele za magari, ukasikika mshindo kama mlango mzito unaofungwa na upepo, na taa ya mnara wa karibu ikawaka. Vildana alimpa tende. Akajaza finjani ya pili.

Kahawa ilikuwa imepoa kabisa. Waliinywa yote.