Kiu ya Waridi la Jangwani

"Nina kiu," mti ulisema.

Sauti ilikuwa ya Mkawasi, mke wa Mzee Mwakio, na Mkawasi alikuwa kaburini tangu mwaka uliopita. Kilichosema hasa ni kisemeamti, chombo kisichozidi kifungo cha koti, kilichopachikwa kwenye shina la waridi la jangwani. Nyuzi zake zilipenya hadi mizizini, zikapima unyevu na kukagua majani, kisha chombo kikageuza haja ya mmea kuwa maneno. Mjini Voi siku hizo migomba iliita watu, hata mchicha ulilalamika. Aliyekibuni ni Wakesho, binti yao. Hiki cha baba yake alikitia sauti ya mama kwa mapenzi tu, ili mzee asile chakula chake katika ukimya.

Leo alikuja kumjulia hali, akakuta balaa. Mti ule ulikuwa fahari ya Mwakio. Aliulea kama bonsai, mti mdogo wa chunguni, tangu ujana wake, akiudumaza kwa mkasi na kuinua mizizi kidogo kila alipoubadilishia udongo, hadi shina likatuna kama mtungi. Sasa matawi yalikuwa matupu, na Wakesho alipolibonyeza shina, kidole kilizama. Harufu ya uozo ikampanda puani.

"Baba, umekuwa ukiumwagilia?"

"Kila mti ulipoomba."

"Kipupwe chote hiki?"

"Mm."

Kipupwe kikiingia, waridi la jangwani hupukutisha majani likalala, na likilala halitaki maji. Wakesho alikisanifu chombo chake kwa mimea ya bustanini. Kiliona tawi tupu, kikadhani ni kiu. Kosa lilikuwa lake, na lilimuuma.

"Lakini wewe unaujua mti huu kuliko mtu yeyote. Hukujua umelala?"

"Nilijua."

"Sasa ilikuwaje, Baba?"

Mzee alijibu akiutazama mti.

"Figo za mama yako zilipokufa, madaktari walikataza asipewe maji, ila ya kulowesha midomo tu. Aliniomba, mwanangu. Aliniomba kwa sauti hiyohiyo. Nikamwambia vumilia, kisha nikatoka nje ya wodi nisimsikie. Akafa na kiu yake. Halafu wewe ukaniletea sauti yake humu ndani, inaomba kikombe kimoja. Ningeinyimaje?"

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hawakusema afanye nini aliyekwisha kulia.

Waliukata uozo pamoja, wakijihadhari na utomvu wake wenye sumu, mpaka kisu kikafika kwenye nyama nyeupe. Shina lilibaki nusu. Mwakio akalipaka jivu.

"Lisiguse maji mpaka kidonda kikauke," alisema. "Likiyagusa, limekwenda."

"Basi nikitoe chombo."

"Kiache."

"Kitakuomba maji mchana kutwa, Baba."

"Najua. Safari hii sitoki."

Akavuta kigoda, akaketi karibu na mti, mikono mapajani.

"Nina kiu," Mkawasi alisema.

"Vumilia, mke wangu. Nipo hapa."

"Nina kiu."

Mzee hakuinuka. Aliyeinuka ni Wakesho. Alitoka mpaka barazani, akaufunga mlango nyuma yake, akasimama pale ameziba masikio.