Jini Lililolamba Maneno ya Nanyama

Sogeeni hapa. Wewe uliye mlangoni, ingia ama utoke, usiniachie baridi. Hiyo simu iweke chini, kioo chake kitazame mkeka. Wenye kukohoa wakohoe sasa, halafu kuwe kimya kabisa, kwa sababu hadithi hii ina kitu ndani yake kinachonenepa watu wakiacha kusikiliza.

Kule Kimilili kulikuwa na mjane anaitwa Nanyama. Watu wengine hukumbuka sura za marehemu wao. Nanyama alikumbuka sauti. Ukimuuliza mtu fulani alikuwaje, hakukuambia kama alikuwa mrefu ama mfupi. Alifungua mdomo tu, na yule marehemu akaongea. Mama yake akinung'unika juu ya kuni mbichi. Dada yake mkubwa, Agneta, akiita kuku. Watoto walikuwa wakimwambia, "Kukhu, bibi yetu, tuletee Agneta," naye akimleta.

Asubuhi moja alikuwa anachambua maharagwe nje ya jikoni, akataka kuita kuku kama Agneta alivyoita. Akafungua mdomo. Hakukuja kitu. Alimwona Agneta vizuri, leso kichwani, mkono umejaa mahindi, mdomo unaenda, lakini sauti hakuna, kama redio iliyoisha mawe ya betri.

Akacheka kidogo, akasema ni uzee. Kesho yake akamtafuta mama yake, naye akamkuta hivyohivyo, mdomo mtupu. Hapo hakucheka. Na hewani palikuwa na harufu ya maziwa yaliyoungua, na jikoni moto ulikuwa haujawashwa.

Mtoto wa kaka yake, Wakoli, mfanyakazi wa serikali huko Bungoma, akampeleka hospitali. Daktari akamuuliza hili na lile, akamwambia, "Kukhu, kichwa chako ni kizima kuliko changu."

Wakatoka wakaketi kwenye benchi, jua likiwa juu ya kichwa.

"Shangazi, umri umeenda," Wakoli alisema. "Si vibaya. Na yale uliyoyasahau si yapo kwa ile tovuti?"

Hiyo tovuti ilianza hivi: mwaka uliopita, Phelista binti wa Nanyama alikuja Kimilili akakaa na mama yake, akamnasa kwa simu akiongea sauti zote hizo, akaandika kila neno. Mume wake Wabwile, ambaye kazi yake ni kutengeneza tovuti pale Kitale, akaiweka yote mahali pamoja, ikaitwa kwa jina la Nanyama mwenyewe, na picha yake katikati. Simu ile baadaye iliangukia ndoo ya maji ikafa. Yaliyobaki yalikuwa kwenye tovuti peke yake.

"Umeisoma?" Nanyama aliuliza.

Wakoli akajikuna shingo. "Nilifungua, Shangazi, nikashindwa. Maneno ni madogo kama mayai ya chawa. Ya kijivu, juu ya weusi. Macho yaliniuma nikafunga. Na ati picha yako hata sikuiona."

"Nani mwingine ameisoma?"

"Sijasikia mtu."

"Fungua."

Akafungua. Nanyama akaona giza, na ndani ya giza vumbi la maneno. Akaisogeza simu karibu na jicho, haikusaidia. Akaisogeza karibu na sikio. Na pale, mchana kweupe, wagonjwa wamejaa na mama mmoja anauza ndizi pembeni, akasikia ulimi. Taratibu, mzito, kama ng'ombe anayelamba jiwe la chumvi. Unalamba, unatulia, unameza. Na simu ilinuka maziwa yaliyoungua.

Akamrudishia Wakoli simu yake. "Mimi sijazeeka," alisema. "Mimi naibiwa. Nitafutie gari la Kitale."

Sasa lazima mjue, Nanyama na mkwe wake walikuwa hawajawahi kutazamana usoni tangu siku Wabwile alipoleta ng'ombe wa mahari. Ndivyo ilivyo kwetu. Mama mkwe haingii kwa nyumba ya mkwe wake, na mkwe akimwona njiani anaingia kwa mahindi ya watu. Kwa hiyo alipofika Kitale aliwekewa kigoda nje, akakaa akiupa mlango mgongo, shuka kichwani. Wabwile alikuwa ndani mezani, nyuma ya pazia. Phelista akasimama katikati kama mkalimani wa kanisani.

"Muulize mkwe wangu," Nanyama alisema, "picha yangu ameiweka wapi."

"Mayi, mama yangu, anauliza picha iko wapi," Phelista alisema.

"Nimesikia," Wabwile alisema nyuma ya pazia. "Mwambie Mama iko. Nimeifunika tu."

"Muulize ameifunika na nini."

"Na weusi."

"Muulize kama nimekufa."

Wabwile akasema polepole, "Mwambie Mama ile kazi ilichukua siku nyingi. Ningekaaje nikitazamana na mama mkwe asubuhi mpaka jioni, na mimi niko na fulana ya ndani? Nikaweka weusi pale usoni. Halafu maneno nayo yalikuwa yake. Nikiyaona makubwa ni kama ananiongelesha. Nikayapunguza, nikayatia kijivu. Ilikuwa heshima."

"Ati heshima," Phelista akasema. "Na mimi nikadhani ni mtindo mpya, bana. Nikawaringia watu."

Nanyama hakucheka. "Mwambie amenizika kwa heshima. Sasa anifukue. Nataka herufi ambazo mtu wa macho kama yangu ataziona bila kukunja uso. Wino mweusi, karatasi nyeupe. Na mistari iachiwe nafasi ipumue, isilaliane kama watoto wa nguruwe."

Wabwile akaanza papo hapo. Mvua ya alasiri ikaja ikagonga mabati, Nanyama akavuta kigoda chini ya ukingo wa paa, na kupitia mlango akasikia vidole vya mkwe wake vikigonga. Phelista alisimama nyuma ya mumewe, akimweleza mama yake kila hatua. Herufi zimekua. Weupe umeingia. Mistari imefupishwa, jicho halipotei likirudi mwanzo. Kila hadithi imepewa kichwa chake.

"Imekuwa nzuri, Mayi. Hata mimi sasa ndiyo nasoma."

Halafu akasema, "Ala!"

"Nini?" Nanyama aliuliza.

"Zinarudi," Phelista alinong'ona. "Wabwile, wacha kugusa."

"Sijagusa. Mikono yangu si hii?"

Herufi zilikuwa zinasinyaa moja moja, zikijikunja kama mchwa waliomwagiwa maji ya moto, na pale katikati, mahali pa uso, weupe ukaanza kuingia moshi, moshi ukaenea mpaka pembeni, na kutoka kwa ile kompyuta, ambayo Wabwile alikuwa ameizima sauti tangu asubuhi kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa amelala, ikatoka sauti ya mwanamke, laini, tamu, karibu sana, kama mtu anayekuongelesha kwenye mto wa kitanda.

"Phelista, mwanangu. Punguza huo mwanga. Macho yangu."

Phelista akashika mlango. "Mayi. Ni kama sauti ya mama mkubwa Agneta. Na alikufa nikiwa darasa la nne."

Nanyama, mgongo bado kwa mlango, akasema kwa sauti ya kawaida, "Wewe ni nani?"

"Mimi ni mwenye kukaa hapa," kitu kile kilisema. "Mahali pa uso hapakai bure. Mliweka giza pasipo mtu, nikaingia. Mliweka chakula pasipo macho, nikala. Nimemkosea nani?"

Kisha kikalamba. Wote watatu walisikia.

Kesho yake mapema Phelista alimtuma mtu Kachibora kumwita Chelagat, mama mzee wa milimani anayejua mambo ya namna hiyo. Alifika mvuani na buti za mpira na mwavuli, hakuja na kibuyu wala ngozi. Akasimama mbele ya ile meza, akanusa, akarudi nje.

"Hicho si cha mitishamba," alisema. "Na msimwite mtu wa kupiga kelele, kitakaa tu kimtazame. Hicho hukaa mahali ambapo mtu ameogopa kutazama. Mwenye uso aingie akae pale. Aliyeogopa amtazame. Na maneno yasomwe na mwenyewe, kwa mdomo wake, mpaka mwisho. Akiachia katikati kinachukua yote."

"Kogo, bibi yangu, Mama haingii kwa nyumba hii," Phelista alisema. "Ni mwiko."

"Basi mwacheni alambwe," Chelagat akasema, akafungua mwavuli wake.

Nanyama akasimama kutoka kwa kigoda. "Nitaingia."

"Mama." Ilikuwa sauti ya Wabwile, na safari hii haikupitia kwa Phelista. "Mama, ukoo utasema."

"Waseme. Wakichoka waje wanirudishie sauti ya mama yangu, kama wako nayo."

Kwetu mwiko huo hulegezwa kwa zawadi, na kawaida wazee hukaa kwanza wakabishana mpaka chai ipoe. Wabwile hakungoja wazee. Akakimbia mpaka dukani akarudi na blanketi jipya, akalitandaza mlangoni, akasimama kando macho yakiwa chini. Nanyama akalikanyaga, akapita, akaketi mbele ya kompyuta.

"Nitazame," alisema.

Wabwile akainua macho. Akamwona mama mwenye mwanya, kovu dogo juu ya nyusi, macho mekundu kwa moshi wa jikoni.

"Umeona nini?"

"Nimeona Mama."

"Basi. Toa ule weusi, uweke huu uso. Na usitazame kwingine."

Nanyama alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye darasa la kina mama kanisani, akifuata kidole. Akaweka kidole kwenye kioo akaanza. Kioo kilikuwa baridi kama ini la ng'ombe aliyechinjwa jana. Alisoma neno la kwanza, herufi zikasinyaa chini ya kidole chake, akasema, "Kubwa," Wabwile akazikuza, akasoma linalofuata, zikasinyaa tena, akasema, "Kubwa zaidi," na harufu ya maziwa yaliyoungua ikajaa nyumba mpaka Phelista akaziba pua na leso, na ulimi ule haukulamba tena taratibu bali ulikwenda mbio ukila miisho ya mistari kabla kidole hakijafika, ukila nukta, ukila majina, na moshi ukapanda kwenye ile picha iliyofunuliwa ukaanza kuula uso kutoka kidevuni, na Wabwile, jasho likimtiririka, akaendelea kumtazama mama mkwe wake bila kupepesa, akikuza kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika meza, mpaka kioo kizima kikawa na neno moja tu, jeusi, kubwa kama mlango, na neno lenyewe lilikuwa Agneta.

Hapo Nanyama akakwama. Baada ya hilo palikuwa pameandikwa Agneta alivyoita kuku, lakini alikuwa hajui tena mwito ule unatamkwaje.

"Niachie huyo," kitu kikasema kwa ile sauti tamu. "Nitakusaidia kumwita. Sikiliza." Na kikaita kuku, vizuri sana, kama kwaya.

Nanyama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mkono kiunoni.

"Mwongo," alisema. "Dada yangu hakuwa na asali kooni. Agneta aliita kuku kama mtu anayegombana na mabati. Majirani walikuwa wakilalamika. Umekula bila kuonja, wewe."

Na huku anacheka kwa hasira, akafungua mdomo, akaita. Ilitoka mbaya, ya kukwaruza, imepasuka katikati, ya Agneta kabisa. Kuku wote wa ile ploti, wa jirani na wa jirani wa jirani, wakaja mbio wakalijaza lile blanketi mlangoni. Jogoo mmoja akaingia mpaka chini ya meza.

Kile kitu kikakohoa kama mtu aliyepaliwa. Nanyama hakukipa nafasi. Akasoma mama yake na kuni mbichi. Akasoma wote waliobaki, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti zao, na kila aliyemsoma akatulia pale alipoandikwa, mweusi, mkubwa, hasogei. Mwishoni moshi ulikuwa umebaki kidole kimoja kwenye pembe ya kioo.

"Nilikuwa na njaa," kilisema, na sasa hakikuwa na sauti ya mtu yeyote.

"Kalambe kwingine," Nanyama akasema, "na huko nako nitawaambia waandike makubwa."

Harufu ikakatika. Mvua ilikuwa imekwisha.

Hadithi moja haikurudi. Ilikuwa ya marehemu mume wake. Mahali pake palikuwa na mistari mitupu. Phelista alilia. Nanyama akafuta kioo na ncha ya shuka.

"Andika alikuwa anakoroma," alimwambia Wabwile. "Hilo hakuna jini la kuninyang'anya. Na uliandike kubwa."

Aliishi miaka mingine mingi, na alikula kwa meza ya mkwe wake kila alipopita Kitale. Alipofariki, shamba la Kimilili lilimwendea Phelista, pamoja na neno la siri la kufungulia tovuti. Wakoli alirithi viti vya sebuleni na deni la kuomba msamaha kwa kusema umri umeenda. Chelagat alipelekewa lile blanketi mpaka Kachibora, akalikataa, kisha akalichukua. Wabwile alirithi ile picha yenyewe, ya karatasi, akaitundika juu ya meza yake ya kazi bila pazia.

Jini halikuachiwa hata nukta.